Samaki taa, bakuli la Kichina na ukuta wa mama ntilie

Kuna ukuta mmoja hapa Mtwara mjini, sio mbali na soko, nimeupita tangu nasoma shule ya msingi. Ulikuwa wa mama ntilie, na fundi mmoja alikuwa ameuchora sahani ya wali, juu yake kalazwa samaki mzima wa kukaanga mpaka mkia umetoka nje ya sahani, pembeni nusu ndimu, pilipili mbili nyekundu na glasi ya maji. Basi. Hakuna mtu, hakuna mkono, hakuna hata kijiko. Mwaka huu nimepita nikakuta ukuta wote umepakwa rangi moja na juu yake limetundikwa bango la kuprinti lenye picha ya wali wa kutoa intaneti, wali mrefu wa kigeni wenye jani juu ambalo mi sijawahi kuona mtu wa huku analiweka kwenye wali, na samaki hayupo kabisa.

Niliumia. Mjomba wangu alikuwa fundi wa mabango, kachora saluni, gereji, maduka ya vipuri na magenge kuanzia hapa mpaka Lindi, na mi utoto wangu wa likizo niliumalizia kumshikia kopo la rangi. Siku moja anachora samaki nikamuuliza, mjomba, mbona unahangaika na jicho muda wote huo wakati mwili umeumaliza dakika kumi? Akanambia, mpwa wangu, mtu akienda feri kununua samaki anaangalia nini kwanza, si jicho na mashavu? Sasa kama jicho limekufa hata hapa ukutani nani ataingia kula. Akaweka tone dogo la nyeupe pembeni ya jicho, sio katikati, na samaki akawa mbichi palepale.

Lile tone ndo limenifanya nikapenda aina hii ya michoro, michoro ya vitu tu, matunda, vyombo, samaki, maua, vitu vimewekwa mezani na mtu hayupo. Waliosoma sanaa wanaita stili laifu. Jina lenyewe limetoka kwa Waholanzi, katikati ya miaka ya 1600 wakaanza kusema stilleven, yaani maisha yaliyotulia, halafu Wafaransa wao wakaja kuita nature morte, vitu vilivyokufa. Mi nipo upande wa Waholanzi kwa asilimia zote. Kitu kikitulia hakijafa, muulize yeyote aliyewahi kurudi nyumbani baada ya msiba akakuta kikombe cha marehemu kipo palepale kilipokuwa.

Historia ya michoro hii huwa inasimuliwa kama historia ya ufundi, kwamba zamani walikuwa hawajui kuchora zabibu, wakajua, wakachora mpaka zikang'aa, halafu wasanii wa kisasa wakaamua kuzivunjavunja. Mi siioni hivo. Kwa ninavoona kila zama watu walikuwa na sababu yao ya kukikalia kitu na kukiangalia, na sababu ilipobadilika na mchoro ukabadilika, ufundi ulifuata tu nyuma. Na sisi watu wa huku kusini tunaweza kuisoma historia hii kuliko tunavodhani, kwa sababu vitu vingi vilivyomo mle ndani vimepita kwenye bahari yetu hii hii.

Wamisri wa kale walichora chakula kwenye kuta za makaburi, mikate, zabibu, bata, na hawakumchorea mtu wa kupita aangalie, walimchorea marehemu ale huko aendako. Wayunani kwao ikawa mashindano. Plini, Mrumi aliyeandika mambo mengi ya zamani, anasimulia kuhusu wachoraji wawili, Zeuxis na Parrhasius. Zeuxis kachora zabibu mpaka ndege wakashuka kudonoa, kajiona kamaliza kazi, akamwambia mwenzake haya na wewe vuta pazia tuone mchoro wako, kumbe pazia ndo mchoro. Akakubali kashindwa, maana yeye kadanganya ndege na mwenzake kadanganya mchoraji. Ni hadithi tamu ila ina kasoro moja, imewafanya watu wengi mpaka leo wadhani kazi ya mchoro wa vitu ni kudanganya jicho, na ukishadanganya basi umemaliza.

Warumi ndo wananigusa zaidi. Kuna mwandishi wao wa mambo ya ujenzi, Vitruvius, anaeleza kwamba zamani tajiri wa Kiyunani akipata mgeni siku ya kwanza anamkaribisha chakula mezani kwake, siku inayofuata anampelekea vitu vibichi ajipikie mwenyewe, kuku, mayai, mboga, matunda ya shambani. Wachoraji wakawa wanachora vitu hivo ukutani na michoro ikaitwa xenia, kama kusema zawadi za mgeni. Sisi tuna msemo wa mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, wao siku ya pili tu walishampa kuku mbichi na mayai. Sasa fikiria hiyo picha iko ukutani kwenye nyumba ya mtu, inasema nini? Inasema nyumba hii mgeni anakula. Ni maneno yale yale ya ukuta wa mama ntilie. Volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79 ikafukia miji ya Pompeii na Herculaneum, na majivu yakaitunza michoro hii, mmoja wapo uko makumbusho ya Naples mpaka leo, una mapichi mabichi ya kijani na mtungi wa kioo wenye maji, na kwenye kioo unaona mwanga ulipoingia na ulipotokea. Zaidi ya miaka 1,900, na bado lile tone la nyeupe lipo mahali pake.

Baada ya hapo kwa karne nyingi Ulaya vitu vikarudi kuwa watumishi wa watakatifu, ua la yungiyungi likichorwa ni kwa sababu ya Bikira Maria, mkate ni kwa sababu ya karamu ya Bwana. Halafu 1551 Pieter Aertsen akafanya jambo ambalo mi naliona ni la ujasiri sana, akachora genge la nyama, kichwa cha ng'ombe, soseji, kwato, samaki, vyote mbele vikubwa vimejaa, na kule nyuma kabisa kwa mbali, padogo, ndo ukamuona Maria yuko njiani kukimbilia Misri na anampa mtu sadaka. Kageuza meza. Ukitaka utakatifu inabidi uupite kwanza kwenye bucha, na mi siamini kama alikuwa anatania.

Kuna mmoja ambaye ningependa kila mtoto anayejifunza kuchora hapa Mtwara aonyeshwe kazi yake hata kwenye simu. Ni Mhispania, Juan Sánchez Cotán. Mnamo 1602 hivi kachora dirisha, au kama dirisha, ndani yake giza tupu. Tunda la mkwinsi, tunda la kule linalofanana na tufaa, linaning'inia kwa kamba, chini yake kidogo kabichi nayo inaning'inia kwa kamba, halafu kwenye ukingo kuna tikiti limekatwa, kipande chake, na tango limejitokeza kidogo kuja upande wako. Vitu vinne, vimepangwa vinashuka kama ngazi iliyopinda. Watu wa kule walikuwa wanatundika vyakula hivo visioze haraka, kama sisi tunavotundika mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jikoni, kwa hiyo hakubuni kitu cha ajabu, ila kaziangalia zile mboga kama mtu anayesali. Mwaka uliofuata, 1603, akaacha biashara yake ya uchoraji akaingia monasteri. Na ile kabichi haina bei. Unaiangalia na huwazi sokoni ni shilingi ngapi, na hapo ndo pana hoja yangu yote, maana mchoraji akiweza kukiondoa kitu kwenye bei hata kwa dakika moja, mtu anayeangalia naye anaondoka kwenye bei.

Waholanzi wakaenda kinyume, wakachora bei yenyewe. Kampuni yao ya biashara ya Mashariki, VOC, ilianzishwa 1602, mwaka ule ule wa kabichi, na baada ya muda mfupi meza za kwenye michoro yao zikaanza kujaa. Chukua meza ya Pieter Claesz ya mwaka 1627 ambayo iko makumbusho ya Amsterdam, kuna pai kubwa la bata mzinga na ndege mwenyewe kawekwa juu na manyoya yake, ndimu imemenywa nusu ganda linaning'inia, bakuli la Kichina la bluu na nyeupe, gobleti, yaani kikombe cha kifahari chenye mguu, lililotengenezwa kwa kombe la nautilasi, mnyama wa bahari za Mashariki mwenye kombe kama la konokono, pilipili manga imefungwa kwenye karatasi iliyosokotwa kama karanga za kwetu. Ukiwa mtu wa pwani huwezi kuiangalia hiyo meza ukaona chakula tu. Unaona safari. Pilipili imetoka Mashariki, bakuli China, kombe bahari hizi hizi za joto, na meli zao zilikuwa zinapita kwenye maji yetu, 1607 na tena 1608 wakaishambulia ngome ya Wareno pale Kisiwa cha Msumbiji wakashindwa kuichukua. Kutoka hapa ukivuka Ruvuma ukashuka na pwani unafika huko.

Na lile bakuli la bluu na nyeupe! Nenda Kilwa Kisiwani hapo mkoa wa Lindi, tembea kwenye magofu, vigae vya vyombo vya Kichina vimeokotwa hapo kwa miaka mingi, maana Kilwa ilikuwa inanunua vyombo vya China karne kadhaa kabla Waholanzi hawajajua hata njia. Na wazee wa pwani walivifanyia nini? Hawakuvichora, walivijenga ndani ya ukuta. Pale Kilwa kwenye msikiti mdogo wa kuba kulikuwa na mabakuli yamepachikwa kwenye dari, na pwani yote hii kuna makaburi ya zamani yamepachikwa sahani na bakuli. Kwenye majumba ya mawe ya Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa, ukutani kuna zidaka, vile vishubaka vilivyoachwa kwenye ukuta, na sehemu nyingine za pwani zidaka ndo pahala pa kupangia vyombo vya thamani mgeni avione. Mi naona kidaka chenye bakuli ndani ni stili laifu kamili. Kuna fremu, kuna giza la nyuma, kuna kitu kimoja kimewekwa kwa kupimwa na mtu kakiondokea. Tofauti na Cotán ni kwamba yeye katumia rangi na sisi tumetumia kitu chenyewe na chokaa. Kwa hiyo mtu akinambia sanaa hii ni ya Wazungu haituhusu, namjibu aende kwanza Songo Mnara.

Ila hao Waholanzi kuna jambo siwezi kulinyamazia. Meza zao zimejaa vitu vya watu na watu wenyewe hawapo. Aliyezamia kombe, aliyechuma pilipili, aliyebeba, aliyefia njiani, hakuna. Kwenye michoro mingine utaona mtoto mweusi kasimamishwa pembeni kashika sinia, kapangwa pamoja na vitu, na hapo ndo roho inauma kabisa kwa sababu mchoraji ana macho makali ya kuona mwanga kwenye ganda la ndimu halafu mtoto kamchora kama gobleti lingine. Nasikia watu wanasema wale walikuwa wanatoa mawaidha, wanaweka fuvu, mshumaa uliozimika, saa ya mchanga, kukumbusha maneno ya Mhubiri, ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili. Sawa, mawaidha yapo na mengine mazuri. Lakini mtu anayesema mali ni ubatili huku kaipaka mali yenyewe mng'ao wote huo, mi nasikiliza brashi yake kuliko fuvu lake.

Huko huko lakini kuna wanawake ambao nawavulia kofia. Clara Peeters, mtu wa Antwerp hapo jirani na Waholanzi, 1611 tayari kachora samaki, kaa na kamba mezani kwa namna ambayo ukiwa umekulia karibu na feri unajua kabisa huyu alisimama na samaki wa kweli, tumbo lile limelegea linavotakiwa kulegea. Na kwenye baadhi ya michoro yake ukisogea kwenye gobleti la dhahabu unamuona yeye mwenyewe, sura ndogo kabisa, inajirudia kwenye vinundu vya gobleti. Hakujiondoa mezani. Rachel Ruysch naye kachora maua zaidi ya miaka 60 huku analea watoto, alizaa kumi. Wanawake walisukumiwa kwenye vitu na maua kwa sababu kuchora mtu wa uchi darasani walikatazwa, na bila hiyo ulikuwa huwezi kuchora ile michoro mikubwa ya vita na manabii ambayo ndo ilihesabiwa sanaa. Mfaransa mmoja, Félibien, 1667 kaandika kabisa daraja, juu wachoraji wa historia na mambo ya dini, wakafuata wa sura za watu, wanyama, mandhari, na chini kabisa mchora matunda na maua. Hoja yake ni kwamba binadamu ndo kiumbe bora kwa hiyo anayechora binadamu ndo bora. Ni hoja ambayo ukiisikiliza haraka inaingia akilini, mpaka ukutane na Chardin.

Jean Siméon Chardin aliingia kwenye akademia ya Paris 1728 kwa mchoro ambao katikati yake katundikwa samaki taa. Ndio, taa huyu huyu, yule bapa mwenye mkia mrefu, anayeanikwa mpaka anakuwa mkavu kama ubao na akipikwa na nazi nyumba nzima inajua. Chardin kamtundika kwenye ndoana, tumbo limepasuliwa, utumbo mwekundu uko nje, na ile sura yake ya chini ambayo inafanana na uso wa mtu inakutazama. Chini kuna paka kasimamisha manyoya juu ya chaza, kuna kisu kimetokeza ukingoni mwa meza, sufuria, jagi. Ni jiko. Sio meza ya tajiri, ni pale ambapo mpishi kageuka kidogo. Diderot, mwandishi wa huko huko Paris, alipokuja kuuandika miaka ya 1760 akakiri kwamba kitu chenyewe kinachefua lakini ni nyama ya samaki kabisa, na akawaambia wachoraji wengine wakajifunze hapo. Mi mara ya kwanza kuuona kwenye simu nilisogeza kwenye utumbo nikakaa hapo muda mrefu, kwa sababu taa nimewaona wamepasuliwa tangu nina miaka mitano na sikuwahi kuwaangalia hata siku moja. Huyu bwana wa Paris kanirudisha feri kwetu. Hapo Félibien amejibiwa bila neno, kwamba binadamu ni bora ndio, lakini kwenye ule mchoro binadamu yupo, ni yule anayeangalia.

Miaka ya baadae naipita haraka kidogo sio kwa sababu haina uzito ila kwa sababu inasemwa sana. Van Gogh 1886 kachora viatu vilivyochakaa na ukiviona unajua uzito wa aliyevivaa. Cézanne alitaka kuishangaza Paris kwa tufaa, na alikuwa anachora taratibu mpaka matunda yanaozea mezani, na meza zake zimepinda, upande huu wa kitambaa na upande ule haviko sawa, kwa sababu alikubali kwamba mtu akiangalia kitu muda mrefu kichwa chake kinasogea na macho yake hayasimami pamoja. Hilo ndo badiliko kubwa kuliko yote kwa maoni yangu, kuanzia hapo kinachochorwa sio tufaa tena, ni kule kuangalia. Picasso 1912 akabandika kwenye mchoro kipande cha mpira wa meza chenye chapa ya kiti cha kusuka na kuzungushia kamba ya kweli, yaani kitu chenyewe kikaingia, akarudi walikokuwa wazee wetu wa kupachika bakuli ukutani. Morandi kule Bologna kaishi na dada zake akachora chupa zile zile na makopo yale yale karibu maisha yake yote mpaka alipofariki 1964, na vumbi lake hakulifuta. Watu wanasema anachosha. Aende mtu akae na chupa moja wiki nzima kwanza ndo aseme.

Halafu Andy Warhol, 1962, makopo 32 ya supu, kila moja ladha yake. Wengi wanamuona kama mtu aliyekuja kuvuruga, lakini angalia alikotoka, alikuwa mchoraji wa matangazo, anachora viatu vya dukani kulipwa. Kwa lugha ya huku alikuwa fundi wa mabango. Na alichofanya ni kuchukua kitu cha dukani ambacho kila mtu anakijua akakitundika pahala ambapo watu wanalazimika kukiangalia. Kwa hiyo mtu asinambie mjomba wangu alikuwa anachora matangazo tu na sio sanaa. Samaki wa kwenye ukuta wa genge, tairi la gereji lenye kila mtaro wake, mkasi na kitana cha saluni, soda yenye matone ya baridi, hiyo ndo stili laifu ya mtaani kwetu na imelishwa na watu waliokuwa wanaangalia kweli kweli. Bango la kuprinti limekuja ni rahisi na linawahi, naelewa, mama ntilie ana hesabu zake. Lakini lile bango halijawahi kumuona samaki wake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenisumbua muda mrefu, Wamakonde. Huku ndo nyumbani kwa uchongaji, na ukiangalia mpingo uliochongwa na watu wetu ni watu, mashetani, wazee, mama na mtoto, ile ya ujamaa ni watu juu ya watu juu ya watu mpaka juu kabisa. Vitu vipo lakini havikai peke yake. Chungu kipo kichwani mwa mama, jembe lipo begani, kibuyu kipo mkononi. Nilikuwa najiuliza kwa nini, mpaka nikaona kwamba ni jibu jingine la swali lile lile. Mzungu kamwondoa mtu mezani ili kitu kiongee, Mmakonde kasema kitu hakiongei mpaka kishikwe. Na ukikumbuka yule mtoto mweusi mwenye sinia utaona kwamba Mmakonde kuna kosa kalikwepa, kwake aliyebeba ndo mwenye uso. Sitaki kuchagua moja nitupe jingine. Ila naona kuna nafasi tupu katikati ambayo mchoraji wa Mtwara wa leo anaweza kusimama, achore kitu peke yake kama Chardin, lakini mwangaliaji ajue mkono wa nani umekiweka pale.

Ndo maana korosho inanikera, kwa maana ya kwamba haipo. Ni zao linalolisha mikoa hii, na mi sijaona hata ukuta mmoja ambapo mtu kaichora kwa kuipenda. Tunaiangalia kwa bei tu. Wengi mnakumbuka 2018, mnada umekwama, serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kubeba, mtaani watu walikuwa hawaongei kitu kingine, usiku korosho asubuhi korosho, lakini ni namba tupu. Mwulize mtu hapo alipo bibo lina rangi gani linapoanzia kwenye kikonyo, korosho yenyewe inaning'inia imegeukia upande gani, atakaa kimya, na kalelewa chini ya mkorosho. Na ajabu ni kwamba mabibo yameshachorwa zamani sana. Mkorosho asili yake Brazili, Wareno ndo walioileta pwani ya Afrika karne ya 16, na kule kule Brazili miaka ya 1640 Mholanzi Albert Eckhout kamchora mwanamke kasimama chini ya mkorosho wenye mabibo. Huyo huyo kachora michoro 12 ya matunda na mboga za kule, vitu vimewekwa kwenye ukingo na nyuma ni mawingu, na mmoja wapo ni mihogo. Mihogo jamani. Imelala pale mikubwa, mmoja umekatwa unaona weupe wake, nyuma mbingu yote, kama mfalme. Iko Denmark, Copenhagen. Mi nilipouona nilimpigia simu mama yangu mdogo aliyeko Newala nikamwambia mama mdogo, mihogo yako iko makumbusho Ulaya tangu miaka karibu 400, akaniuliza nani kaipeleka.

Vijana wanaochora hapa kwetu wana mkono, sina wasiwasi na hilo, ila wakipewa turubai wanachora simba, twiga, na machweo yenye mnazi, kwa sababu mtalii ananunua. Edward Tingatinga, ambaye ni mtu wa Tunduru hapo jirani, alipoanza 1968 kule Dar na rangi za mafuta alichora wanyama kwa macho yake mwenyewe, ndo maana wale wanyama wake wa mwanzo wana uhai wa ajabu. Waliofuata wengi wanachora Tingatinga, hawachori mnyama. Mi nawaambia waende pembeni ya barabara ambapo mama anauza ming'oko, wachukue fungu moja, wakae nalo. Ming'oko ni mizizi myembamba iliyopinda, ikichemshwa ganda linabanduka unaona ute, kuna chumvi na pilipili kwenye kikaratasi pembeni, imesokotwa vile vile kama pilipili ya Pieter Claesz. Hakuna mchoraji wa Amsterdam wala wa Paris anayeweza kukichora kitu hicho badala yetu, hawajakila.

Msanii mmoja wa Uingereza, Sam Taylor-Johnson, 2001 alipiga video ya sahani ya matunda, kaiacha kamera muda mrefu halafu akaharakisha, dakika chache unaona matunda yanaota ukungu yanaanguka yanakuwa tope, na pembeni ya sahani kulikuwa na peni ya plastiki ya bei rahisi, yenyewe haibadiliki hata kidogo. Siku ile nimesimama mbele ya lile bango la kuprinti nilikumbuka ile peni.

Wiki iliyopita nikarudi kwa yule mama. Nikamwambia shikamoo mama, akaitikia marahaba baba, nikamwomba anipe ule ukuta wa pembeni unaoangalia uchochoro, rangi yangu na kazi yangu, asilipe kitu. Akafikiri kidogo huku anageuza maandazi. Akasema sawa, lakini usinichoree wali, wali kila mtu anapika. Akainua kifuniko cha sufuria iliyokuwa jikoni, ndani kulikuwa na taa mkavu kwenye tui la nazi linachemka taratibu, na pembeni juu ya ungo ugali wa muhogo umeshafinikwa kwa kawa. Akasema kama unachora, chora hiki.